Sura ya Sita: Nilihitimu, Mbona Nirudi Darasani?

Swali hili huulizwa na watu walio kazini tayari, tena kwa hasira kidogo. Mwalimu wa shule ya msingi huko Dundori huliuliza anapoambiwa alipe ili asomee upya kazi ambayo amekuwa akiifanya kwa miaka ishirini. Muuguzi wa zahanati huliuliza siku za kuhuisha leseni zinapokaribia na saa zake za mafunzo bado hazijatimia. Mkulima hana leseni wala mwajiri, lakini naye ana namna yake ya kuuliza: babu alilima viazi hapa, baba akalima hapa hapa, sasa huyu kijana mwenye tableti anakuja kunifunza nini?

Dundori ni mahali pazuri pa kulichunguza swali hilo. Ni eneo la baridi katika nyanda za juu za Bahati, kaunti ya Nakuru, kando ya barabara inayopanda kutoka Lanet kuelekea Ol Kalou. Kuna viazi, maziwa, kabichi, msitu, shule, na matatu zinazoteremka mjini asubuhi zikiwa zimejaa. Watu wakisikia "mabadiliko kazini" hufikiria benki za Nairobi na kompyuta. Lakini katika miaka kumi iliyopita sijui kazi ngapi za Nairobi zimegeuzwa juu chini kama ya mwalimu wa kijijini.

Jina rasmi la jambo tunalolizungumzia ni mafunzo endelevu ya kitaaluma, yaani kujifunza kazi yako baada ya kuwa umeshaajiriwa kuifanya. Yanaweza kuwa kozi yenye cheti, semina ya siku moja, au wenzako wawili wakikuonyesha jambo chini ya mti. Katika sura hii nitatetea hoja moja: mafunzo hushika pale mtu anapoyajaribu katika kazi yake mwenyewe, kando ya njia yake ya zamani, wenzake wakiona. Yale mengine huisha pamoja na soda ya mchana.

Mwalimu aliyebadilishiwa kazi akiwa darasani

Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985. Mwalimu aliyeingia chuoni katika miaka ya tisini alifundishwa kuutumikia: amalize silabasi, atahini, apange wanafunzi kuanzia wa kwanza hadi wa mkia, awaandae kwa KCPE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Januari 2019 mtaala wa umilisi, ambao kila mtu anauita CBC, ukaingia katika madarasa ya chini. Mtaala huu unataka kuona mtoto anaweza kufanya nini kwa kile anachokijua. Badala ya asilimia, zikaja ngazi nne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na mbali na matarajio. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023.

Wazazi waliyasikia mabadiliko hayo kama kazi ya ziada. Wako watakaokumbuka hadi uzeeni usiku ule walipokuwa wakishona sanamu ya kutishia ndege kwa matambara, saa nne, mtoto mwenyewe akiwa amelala. Kwa mwalimu yaliingia ndani zaidi. Mwalimu aliyesifika kwa kutoa wastani wa juu katika KCPE alikuwa na heshima eneo zima. Wazazi walihamisha watoto ili wamfuate. Ustadi wake haukuwa wa bandia. Kisha kipimo cha ustadi huo kikaondolewa, na akaitwa kwenye semina ya siku chache kuelezwa kipimo kipya. Hakuna aliyemkalisha akamwambia waziwazi ni yapi kati ya mazoea yake bado yanafaa na yapi ayaache. Nadhani hapo ndipo chuki nyingi dhidi ya mafunzo huzaliwa. Mtu mzima hakatai kujifunza. Anachokataa ni kuonekana kama aliyekuwa akibahatisha miaka yote hiyo.

Januari 2023 ikaja sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, ndani ya viwanja vya shule za msingi. Walimu waliosomea masomo mawili ya sekondari wakajikuta wakifundisha zaidi ya hayo. Fizikia, kemia na biolojia zikawa somo moja la sayansi. Mwaka 2024 masomo ya ngazi hiyo yalipopunguzwa kutoka 14 hadi 9, mengine yakaunganishwa zaidi. Katika shule yenye walimu wachache, mwalimu wa Kiswahili na dini anaweza kupangiwa kilimo. Chuo hakikumdanganya. Kilimwandaa kwa shule ambayo siku hizi haipo.

Katikati ya hayo yote, Septemba 2021, Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilizindua mpango wa kuwaendeleza walimu kitaaluma. Ulipangwa kwa moduli sita, na moduli ni fungu la masomo linalokamilika peke yake. Kila moduli ingechukua miaka mitano. Ukizidisha unapata miaka 30, karibu maisha yote ya kazi. Ada ilikuwa takriban shilingi 6,000 kwa mwaka, kutoka mfukoni mwa mwalimu, na taasisi za kuutoa zilikuwa nne. Vyama vya walimu vikapiga kelele.

Nikiwasikiliza walimu nasikia malalamiko mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni kwamba wasisome tena. Hili haliwezi kusimama, kwa sababu kazi yenyewe imekwisha kugeuka. La pili ni kwamba waliobadilisha kazi ndio walipie gharama ya kuijifunza upya. Hili lina nguvu, na halijibiwi kwa kumwambia mwalimu apende elimu.

Kwa ufupi: kuhitimu hukuandaa kwa kazi kama ilivyokuwa siku ile. Kazi ikigeuzwa na mwajiri, kuisomea upya ni sehemu ya kazi, na bili yake ina mwenyewe.

Ziara za kila wiki mbili

Dundori imewahi kuona mafunzo endelevu kabla ya mpango huo wa TSC. Yalikuja kwa pikipiki ya bwana shamba.

Kuanzia mwaka 1982 Kenya ilijaribu mfumo wa mafunzo na ziara, uliobuniwa na Mwisraeli Daniel Benor na kufadhiliwa na Benki ya Dunia katika nchi nyingi. Kwenye karatasi ulikuwa mzuri mno. Bwana shamba alifunzwa na wataalamu kwa ratiba isiyobadilika, kisha akawatembelea wakulima teule kwa ratiba isiyobadilika, siku inayojulikana, kila baada ya wiki mbili. Mkulima teule angewaeleza majirani. Ujumbe ungetoka kituo cha utafiti hadi shamba la mwisho bila kupotea njiani.

Ulidumu hadi mwaka 1998, na tathmini ya Benki ya Dunia yenyewe haikuona matunda ya kulingana na pesa zilizotumika. Kilichokosekana kinaonekana kwa yeyote aliyelima. Ujumbe ulikuwa mmoja kwa wote: nafasi kati ya mistari, kiasi cha mbolea, tarehe ya kupanda. Mkulima wa mteremko wenye maji na mkulima wa bondeni kwenye baridi kali walipewa maneno yale yale, na wengi walikuwa wameshayasikia. Bwana shamba alipimwa kwa ziara alizofanya. Hakuna aliyempima kwa maswali aliyorudi nayo kituoni.

Baadaye serikali ilipunguza ajira, maafisa wakastaafu bila nafasi zao kujazwa, na mwaka 2013 kilimo kikahamia mikononi mwa kaunti. Leo afisa mmoja wa kilimo nchini huhesabiwa wakulima zaidi ya elfu moja. Ziara ya kila wiki mbili imebaki hadithi ya wazee, na wapo wanaoikumbuka kwa wema, hasa kwa sababu kuna mtu alikuwa akifika.

Vijiti katikati ya viazi

Sasa tuangalie mafunzo yaliyoshika. Nitakaa hapa kidogo.

Mkulima mdogo wa viazi hununua mbegu iliyoidhinishwa kwa nadra sana. Ni ghali na haipatikani kwa urahisi. Kwa kawaida huweka mbegu kutoka kwa mavuno yake. Na huiwekaje? Viazi vikubwa vinauzwa, vya kati vinaliwa, vidogo vinabaki, navyo vinakuwa mbegu. Ni busara ya nyumba isiyo na pesa. Lakini mmea wenye virusi huzaa viazi vidogo. Kila msimu, bila kujua, mkulima huwa anachagua watoto wa mimea migonjwa na kuwapa shamba. Mavuno hupungua polepole, na lawama humwendea udongo au mvua.

Katikati ya miaka ya 2000, Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao yake Lima nchini Peru, kikishirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya (wakati huo KARI, leo KALRO), kiliwafunza wakulima wa nyanda za viazi njia ya kuchagua mimea bora. Vifaa vyake ni vijiti. Inaenda hivi:

- Viazi vinapokaribia kutoa maua, kabla majani hayajaanza kuzeeka, pita shambani utafute mimea yenye afya kabisa. Usitafute migonjwa, tafuta mizuri, uichomekee kijiti kila mmoja.
- Baada ya wiki mbili hivi rudi. Mmea uliougua ng'oa kijiti chake.
- Wakati wa kuvuna anza na yenye vijiti, mmoja mmoja. Uliozaa vichache au vilivyopinda, viazi vyake vipeleke jikoni.
- Vinavyobaki ni mbegu ya msimu ujao. Viweke peke yake.

Halafu likaja jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Kikundi hakikuambiwa kiamini. Kilipanda mistari ya mbegu iliyochaguliwa kwa vijiti na mistari ya mbegu ya kawaida ya mkulima, kandokando, katika shamba moja, kwa mbolea moja na mvua moja. Wakavuna wenyewe, wakapima wenyewe. Kwa wastani mbegu ya vijiti iliongeza mavuno kwa takriban theluthi moja.

Ukiyaweka mafunzo haya karibu na yale ya pikipiki, tofauti haiko kwa mwalimu wala kwa pesa. Njia ya zamani ilipewa mistari yake na ikaheshimiwa, haikutukanwa, ilishindanishwa. Kosa likitokea lilikuwa la mistari michache, na chakula cha nyumba kilibaki salama. Majirani walikuwepo siku ya kupima, kwa hivyo hakuna aliyelazimika kusimuliwa. Na kilichofunzwa kilikuwa jicho: kuona jani lililojikunja, kuona mnyauko wa bakteria mapema, wakati mmea mmoja tu umelegea mchana wa jua na udongo bado una unyevu. Jicho halifunzwi kwa maandishi ubaoni. Lazima mtu akuonyeshe jani, kisha wewe umwonyeshe jingine, naye akukosoe.

Njia hii ina mipaka yake. Haiponyi udongo ulioingiwa na mnyauko, na mbegu safi iliyoidhinishwa bado ni bora. Ni njia ya mtu asiye na mbegu hiyo, na Dundori watu hao ni wengi.

Hata bingwa wa ngano

Ukivuka Nakuru kuelekea magharibi utafika Njoro. Hapo kuna Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, na kituo cha utafiti cha KALRO. Kwa miongo mingi wataalamu wa ngano duniani waliamini kutu ya shina, ugonjwa wa kuvu unaovunja mabua, imeshashindwa. Mwaka 1998 aina mpya ya kutu ilionekana Uganda, ikaitwa Ug99. Iliangusha ngano zilizokuwa zikitegemewa, na upesi ikawa Kenya.

Tangu mwaka 2005 ngano za nchi nyingi zimekuwa zikiletwa Njoro kujaribiwa mbele ya kutu hiyo, na wanasayansi wenye shahada za uzamivu huja kufunzwa kuipima shambani kwa macho, kila mmoja na daftari lake, mpaka wakubaliane bua hili limeshikwa na kutu kwa asilimia ngapi. Watu waliohitimu kuliko sisi sote wanainama kwenye mistari ya ngano wakilinganisha majibu. Na hawajamaliza: Robin, aina ya ngano iliyotolewa Kenya mwaka 2011 kwa sifa ya kuistahimili kutu, ilipenywa na aina nyingine ya ugonjwa huo miaka michache tu baadaye.

Turudi kwenye chumba cha walimu

Je, mwalimu anaweza kuwa na mistari miwili kandokando kama mkulima? Anaweza, na Kenya ilishawahi kuikaribia njia hiyo.

Mwaka 1998, kwa msaada wa Japani, ulianza mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika sekondari, SMASSE, kwanza katika wilaya tisa. Walimu walihimizwa wapunguze kuhubiri ubaoni, wawape wanafunzi kazi za mikono, na pasipo maabara watumie chupa za plastiki na vifaa vya nyumbani. Mawazo yenyewe yalikuwa mema. Lakini yalishushwa kwa ngazi: wakufunzi wa taifa wafunze wa wilaya, wa wilaya wafunze walimu. Kila ngazi iliongeza maji kwenye chai, na wa mwisho alikunywa rangi. Mwalimu alirudi shuleni na faili, akakuta wenzake hawakuiona semina, na mtihani uko pale pale.

Wajapani wenyewe kwao wana desturi nyingine, ambayo CEMASTEA, kituo cha kuwafunza walimu wa hisabati na sayansi kule Karen, kimekuwa kikiieneza nchini: utafiti wa somo. Walimu watatu au wanne hupanga kipindi kimoja pamoja. Mmoja hukifundisha, wengine hukaa nyuma ya darasa wakitazama wanafunzi, si mwalimu. Ni nani aliyenyamaza? Swali gani liliwachanganya? Baadaye hukaa, hurekebisha, na mwingine hukifundisha kwa darasa jingine. Hakuna cheti wala nauli. Kinachohitajika ni kipindi kimoja kilicho huru, na mwalimu mkuu ambaye hatageuza mtazamo wa wenzako kuwa ripoti ya nidhamu. La pili ni gumu kuliko la kwanza, kwa maana walimu wetu wamezoea kwamba anayekaa nyuma ya darasa ni mkaguzi.

Kwa hiyo kabla ya kulipia kozi yoyote, uwe mwalimu, muuguzi au fundi, uliza:

1. Nitajaribu nini wiki ijayo kazini kwa sababu ya mafunzo haya? Jibu likiwa "utapata uelewa mpana", weka pesa yako mfukoni, isipokuwa kama leseni inakulazimisha.
2. Ni nani mwingine wa kazini kwangu anayekuja? Ukienda peke yako utarudi peke yako.
3. Ninatakiwa kuacha nini? Mkufunzi asiyeweza kujibu hili hajaijua kazi yako.
4. Je, kuna siku ya kurudi na kusema kilichoshindikana?

Pale ambapo semina haitasaidia

Limebaki jambo ambalo watu wa mafunzo hawapendi kulizungumzia, maana linawapunguzia soko.

Mwaka 2019 kanuni za viazi zilitoka nchini, zikisema gunia lisizidi kilo 50. Zilikusudiwa kumaliza lumbesa, yale magunia yaliyoshonewa kofia juu ambayo dalali hununua kwa bei ya gunia moja. Kisha yakaja mahamasisho, mikutano ya machifu, warsha. Lumbesa haikuondoka. Ikasemwa wakulima hawajaelimika.

Mkulima wa Dundori anajua kilo 50 ni ngapi. Anajua pia kwamba viazi vyake ni Shangi, aina ambayo wakulima waliisambaza wenyewe kabla haijasajiliwa, kwa kuwa huiva upesi na wauza chipsi wanaipenda. Shangi huchipua haraka baada ya kuvunwa. Bila ghala baridi haisubiri, na dalali analijua hilo vizuri kuliko afisa aliyeendesha warsha. Lori likiwa limesimama barabarani mvua inakuja, anayedai mizani ataachwa na viazi vyake, na jirani atapakia. Huyu hapungukiwi na elimu. Anapungukiwa na siku za kusubiri, na semina ya tano kuhusu uzito wa gunia haitamwongezea hata moja. Ghala la chama, au wakulima wa barabara moja kukubaliana wauze pamoja au wasiuze, lingeweza.

Vivyo hivyo mwalimu mwenye wanafunzi 60 darasani anaposhindwa kumtathmini kila mtoto kwa ngazi nne katika kila somo. Mpeleke kozi ya tathmini na atarudi akiijua nadharia yake vizuri, akiwa na wanafunzi 60. Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku hakosi ujuzi wa kugawanya muda. Mwajiri akigundua kazi haiendi, mafunzo ndiyo jibu rahisi kutangaza: yana tarehe, yana picha ya pamoja, na lawama hubaki kwa aliyefunzwa.

Ikiwa umeitwa kwenye mafunzo na unashuku ni ya namna hii, kuna jaribio dogo. Mfikirie mtu aliye hodari kuliko wote katika kazi yako, yule ambaye kila mtu humwendea. Mweke mahali pako: wanafunzi wako, zamu yako, lori lile lile barabarani. Kama naye angeshindwa, nenda kwenye mafunzo ukiwa na barua inayoeleza kinachohitajika, na uiandike na wenzako kabla ya siku hiyo, kwa majina yenu wote. Kama angefaulu, basi muulize yeye kwanza. Huenda akakufunza bure, tena mkiwa kazini, na akakuonyesha mahali ambapo yeye mwenyewe bado anakosea.